Vidonge Katika Pindo la Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kuchota maji bombani, ya pili kufagia uwanja, na ya tatu kumpelekea Bibi maziwa ya mgando. Hiyo ya tatu mimi sikuihesabu kuwa kazi, niliihesabu kuwa mshahara wangu. Bibi Nyirasafari alikuwa akikaa kwenye kigoda chake mlangoni, anapokea kile kikombe cha bati chenye ua jekundu, anakunywa kidogo, kisha ananipa kilichobaki. Kwetu, mtu mzima akikuonjesha kinywaji kutoka kikombe chake mwenyewe, amewaonyesha watu wote kwamba wewe ni wake. Bibi alikuwa na wajukuu tisa, lakini kikombe kile kilikuwa changu, Umurerwa, na majirani wote walijua.

Tuliishi Mbugangari, mjini Gisenyi, hatua chache kutoka mpaka wa Goma. Ilikuwa mwaka 1999, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili, nasoma darasa la tano. Bibi na Mama walikuwa wamekaa miaka mingi Tanzania, mimi mwenyewe nilizaliwa kule Karagwe, kwa hiyo nyumbani tulichanganya Kinyarwanda na Kiswahili bila kujali. Mama yangu, Languida, alivuka mpaka kila siku na beseni la viazi na kabichi kwenda kuuza Goma, akarudi jioni. Mchana kutwa nyumba ilikuwa ya Bibi na mimi, na hivyo ndivyo nilivyotaka iwe.

Kisha akaja Dative.

Dative ni mtoto wa mama yangu mdogo aliyeolewa Goma. Vita vilikuwa vimevuruga masomo kule, ndipo ikaamuliwa aje asome kwetu. Alinizidi mwaka mmoja, lakini aliwekwa darasa moja nami. Alifika na mfuko wa nailoni wenye nguo chache, akasalimia, akashika ufagio kabla hata hajaambiwa. Nilimchukia kwa sababu ya ufagio ule. Kiswahili chake kilikuwa cha Goma, mtu kwake ni mutu na kila kitu iko, nami nilikuwa nikimwigiza mbele ya wenzangu ili acheke mmoja wao. Bibi naye alicheka, lakini kwa furaha, akimwomba aseme tena.

Sasa lazima nieleze ugonjwa wa Bibi, maana ndiko mambo yalikoanzia. Upande wa kushoto wa uso wake, kutoka sikioni hadi kidevuni, maumivu yalikuwa yanampiga ghafla kama mtu aliyeshika waya wa umeme. Yalikaa muda mfupi tu, wa kuhesabu hadi kumi, yakaondoka, yakarudi tena. Akinawa uso, yanampiga. Akitafuna, akiongea, hata upepo wa ziwani ukimgusa shavu, yanampiga. Watu walidhani ni meno, wakamng'oa mawili yaliyokuwa mazima kabisa, na maumivu yakabaki pale pale. Wengine wakasema amerogwa, na tangu hapo Bibi akaona haya, hakutaka ugonjwa wake utajwe nje ya nyumba.

Mwishowe daktari mmoja wa hospitali alimsikiliza mpaka mwisho, akamgusa shavu kwa kipande cha pamba, akasema hili si jino, ni mshipa wa fahamu wa uso. Akampa vidonge vyeupe vya duara. Bibi alianza na nusu kidonge, akapandishwa taratibu hadi kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Muganga Twagirimana, maana kwetu kila tabibu huitwa muganga, alikuwa muuguzi wa kituo cha afya cha karibu na kwetu, naye ndiye aliyekuwa akitoa vidonge hivyo kila mwisho wa mwezi, na kila mara alirudia neno moja, kwamba visikatizwe ghafla hata Bibi akijisikia mzima. Wiki tatu hazikuisha, Bibi akatafuna viazi kwa mashavu yote mawili, akamsuta Mama kwamba chumvi haitoshi.

Kazi ya kumpa Bibi vidonge nilipewa mimi kwanza. Nikasahau mara moja. Haya, niseme kweli, mara tatu, kwa sababu ya kuruka kamba. Mara ya tatu Bibi alishindwa kula siku nzima, na Mama hakunigombeza, alichukua tu ile bahasha ya vidonge akampa Dative. Dative akafungua jalada la ndani la daftari lake la hesabu, akaanza kuchora mistari, mmoja kwa kidonge cha asubuhi na mmoja kwa cha jioni. Hakuruka hata mmoja.

Wiki moja baadaye Bibi alikunywa maziwa yake, akafuta mdomo, akampa kikombe Dative.

Nilikuwa nimesimama pale pale, mkono nimeshaunyoosha. Nikaurudisha nikajikuna kichwa. Tangu siku hiyo nilikunywa maziwa yangu kwenye kikombe cha plastiki, kama mpangaji. Bibi aliniita mara nyingine nami nionje, lakini zamu ya pili sikuitaka. Nilimwonea Dative wivu asubuhi hadi usiku. Nilimfichia kiatu, nikamwagia maji majivu aliyoyachekecha ya kusugulia sufuria, nikamwambia Mama anakoroma. Hakuwahi kunisemea, na hilo nalo lilinikera.

Darasani kwetu kulikuwa na msichana aitwaye Kampire. Wazazi wake walihamia mjini kutoka Bugeshi. Alikaa dawati la mwisho peke yake kwa sababu alikuwa na kifafa, ugonjwa ambao kwa Kinyarwanda huitwa igicuri. Kila mtu aliamini kwamba kifafa huambukizwa kwa mate. Sisi wengine tulikunywa maji ya dumu kwa kikombe kimoja, wote arobaini na wanane, lakini Kampire alikuja na kopo lake la nyanya lenye kamba. Mwenye zamu ya maji alimmiminia kutoka juu, kwa uangalifu, ili kikombe chetu kisiguse kopo lake. Mimi pia nilimmiminia hivyo, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna ubaya.

Siku moja ya mwisho wa mwezi, Jumatano, Dative alipitia kituo cha afya asubuhi kuchukua vidonge vya Bibi, akaja navyo shuleni. Alipotoa daftari, bahasha ikaanguka karibu na dawati la mwisho. Kampire akaiokota. Akasoma jina la dawa lililoandikwa kwa kalamu, karbamazepini, akatoa bahasha nyingine mfukoni mwa sare yake, akaziweka pamoja. Jina lilikuwa moja, vidonge vilikuwa sawa. Akamrudishia Dative ya kwake, na uso wa Kampire ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Wakati wa mapumziko alinifuata kwenye dumu la maji. Dative alikuwa amebaki ndani akifuta ubao. Wasichana watatu waliokuwa wakinywa maji walinyamaza ili wasikie.

"Umurerwa," Kampire aliniuliza kwa sauti ndogo, "dada yako naye ana ugonjwa wangu?"

Jibu nililijua. Neno moja tu, hapana, lingetosha. Hata kama sikutaka kumtaja Bibi, ningeweza kusema hapana nikaenda zangu. Lakini nilikiona kile kikombe chenye ua jekundu kikipita mbele ya mkono wangu.

"Ndiyo," nikasema. "Mnadhani kwa nini aliondolewa Goma?"

Ulimi hauna mfupa. Kabla ya kengele ya kurudi nyumbani darasa zima lilikuwa limejua, na kesho yake Dative aliponyoosha mkono kuchukua kikombe, msichana wa zamu alikivuta nyuma. Akamwambia akinge viganja. Dative akatazama kikombe, akatazama wenzake, kisha akanitazama mimi. Alisema tu kwamba ile dawa si yake. Walimuuliza ni ya nani basi, naye akakaa kimya, kwa sababu Bibi alikuwa amemwomba asitaje ugonjwa wake kwa watu. Nilijua kwa nini amenyamaza. Nami nikanyamaza.

Kampire ndiye aliyetoka nyuma na kopo lake la nyanya. Alilifuta ukingo kwa sketi yake, akalijaza maji, akampa Dative. Dative akanywa. Darasa zima likaguna, na mimi nikaguna pamoja nao.

Jumamosi alasiri mama yake Shema, jirani yetu, alisimama kwenye ua kumpa Bibi pole. Mimi nilikuwa namenya viazi. Alisema amesikia habari za yule mtoto wa Goma, kwamba ana igicuri, na kwamba vile vidonge vyeupe anavyoonekana navyo ndivyo vya ugonjwa huo, maana hata binti wa watu wa Bugeshi anakunywa hivyo hivyo. Nilishika kisu nikingoja Bibi amjibu kwamba vidonge ni vyake. Bibi alisimama, akaegemea ukuta kidogo, akaingia ndani.

Kuanzia Jumapili mambo yalibadilika. Bibi alikunywa maziwa kidogo, akamwaga yaliyobaki chini ya mgomba. Hakumpa Dative wala mimi. Kisha akafunga uzi mweusi kwenye mkono wa kikombe chake, akasema mtu yeyote asikiguse. Nilidhani amemchukia Dative kwa sababu ya maneno ya jirani, nikafurahi, eti sasa tumelingana.

Jumatatu alitafuna upande mmoja tu. Jumanne maumivu yakampiga akiwa anasalimia, akakata salamu katikati. Jumatano alijifunga kitambaa usoni kama zamani, na Alhamisi hata maziwa yalimshinda. Mama hakwenda Goma. Alikaa na kijiko mbele ya Bibi, na kila kijiko kilipogusa mdomo Bibi alishika ukuta kwa kucha. Uzee ule na siku mbili bila chakula, Mama alianza kuogopa kweli, na mimi nikaanza kuogopa kwa kumtazama Mama.

Akamwita Dative. Akamuuliza kama anampa Bibi dawa. Dative akaleta daftari lake la hesabu.

"Mi nilimupa, Mama," alisema. "Kila asubuhi na kila mangaribi. Angalia mistari."

Mama alihesabu mistari, akahesabu vidonge vilivyobaki, vikalingana. Lakini Bibi alikuwa mgonjwa mbele ya macho yake, na mistari haiponyi mtu. Alisema mtoto anaweza kuchora mstari na kutupa kidonge. Jumamosi atavuka naye mpaka, amrudishe kwa mama yake. Dative hakulia. Alitoa mfuko wake wa nailoni, akaanza kukunja nguo zake moja moja.

Basi nilikuwa nimepata kila nilichotaka. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini kisima changu mimi aliingia Bibi.

Ijumaa mchana Mama aliniambia nifue kitenge cha Bibi. Nilikilowesha kwenye beseni, nikaanza kusugua, mkono ukagusa kitu kigumu pindoni. Bibi alikuwa na desturi ya kufunga fundo kwenye pindo la kitenge, humo akiweka ugoro wake. Nilifungua fundo nisije nikalowesha ugoro. Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe, kumi na viwili, vimeanza kulainika kwa maji.

Nilihesabu kwa vidole. Tangu Jumamosi jioni hadi asubuhi ile, ni kumi na viwili kamili. Dative alikuwa amempa vyote, na Bibi hakumeza hata kimoja.

Nikaingia ndani na kitenge kinachuruzika maji. Bibi alikuwa amelala chali, kitambaa usoni. Nikamfungulia kiganja changu aone. Alifumba macho, halafu akaongea kwa upande mmoja wa mdomo, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Usimwambie mama yako. Hiyo ni dawa ya kifafa. Dawa ya ugonjwa usio nao hukuletea ugonjwa huo. Nilikuwa nakunywa hivyo vidonge, halafu namwonjesha Dative kikombe changu. Sasa mjukuu wangu ana kifafa. Mimi ndiye niliyemwambukiza." Akapumzika. "Afadhali niumwe, kuliko nikuambukize na wewe."

Kumbe ule uzi mweusi ulikuwa wa kutulinda. Kumbe hakumchukia Dative hata kidogo, na mimi pia hakuacha kunipenda hata siku moja. Nikapiga magoti kwenye mkeka.

"Bibi, Dative hana kifafa," nikasema. "Niliwadanganya watu. Ni mimi niliyesema, kwa sababu ulimpa kikombe."

Alinitazama. Kisha chozi likamtoka, likateremka kwenye shavu la kushoto, na chozi lenyewe likawasha yale maumivu. Bibi alijikunja akashika ukuta. Nilitamani kulifuta lile chozi, lakini sikuthubutu kumgusa shavu, kwa hiyo nilishika miguu yake nikalia kwa sauti mpaka Mama akaja mbio.

Nilimwambia yote, sikubakiza kitu. Nilitegemea kiboko. Mama hakuninyanyulia mkono, na uso wake ulikuwa mbaya kuliko kiboko. Aliniambia nivae viatu nikamwite Muganga Twagirimana, na nikifika nimweleze mwenyewe, kwa mdomo ule ule.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa. Kwenye benchi la mbele alikuwa ameketi Kampire, amekuja kupimwa. Nilimwomba Muganga tuongee pembeni, akasema ana wagonjwa ishirini, niseme hapo hapo. Nikasema. Nilisema juu ya vidonge vya pindoni, na hofu ya Bibi, na nilichosema kwenye dumu la maji. Kampire alisikia kila neno. Ile furaha niliyoiona usoni mwake siku ya bahasha niliiona ikizimika.

"Nilidhani nimepata mwenzangu," alisema. "Ulitumia ugonjwa wangu kumtukana."

Muganga alivua miwani, akaifuta, akamwachia mwenzake wagonjwa, akachukua mkoba. Akamwambia Kampire aje naye, kwa sababu vidonge vile yeye anavijua kwa kuvitoa tu, lakini Kampire anavijua kwa kuvimeza. Tulitembea watatu. Kampire alipita upande wa pili wa Muganga ili asiwe karibu nami.

Muganga aliketi kwenye kigoda kando ya kitanda. Alimwambia Bibi kwamba jirani amesema kweli nusu tu. Ndiyo, dawa ile hupewa wenye kifafa. Mwili una mishipa ya fahamu inayopeleka habari kama nyaya za umeme. Kwa mwenye kifafa, umeme huo hulipuka bila mpango ndani ya ubongo, na mtu huanguka. Kwa Bibi, hakuna kibaya ubongoni. Ni mshipa mmoja wa shavuni uliokwaruzika, kama waya uliotoka ngozi, unatoa cheche kwa kuguswa kidogo. Dawa ile hutuliza cheche, za huku na za kule.

"Haileti kifafa, Mama Nyirasafari," alisema. "Na kifafa chenyewe hakimo kwenye mate wala kwenye kikombe. Hata kama ungekuwa nacho, usingewapa wajukuu wako kwa maziwa."

Bibi hakuonekana kuridhika. Muganga ni muganga, na waganga wengine ndio waliomng'oa meno mazima. Akageuza macho kwa Kampire, akamuuliza kama mama yake hunywa kwenye kikombe chake.

"Kila siku," Kampire akajibu. "Ananionjesha, nami namwonjesha. Hajaanguka hata mara moja. Na mimi tangu Krismasi sijaanguka."

Hilo ndilo Bibi alilolisadiki. Alinyoosha mkono kuomba dawa. Muganga alieleza kwamba kwa kuwa alikatiza kwa siku nyingi, ataanza tena na nusu, kisha atapandishwa kidogo kidogo. Siku za kwanza anaweza kusikia kizunguzungu na usingizi, asisimame ghafla. Akiona vipele mwilini, aletwe kituoni siku hiyo hiyo. Mama alitaka kuchukua bahasha. Bibi akatikisa kichwa kidogo sana, akaonyesha kwa kidole Dative aliyesimama mlangoni na mfuko wake wa nailoni. Dative akaweka mfuko chini, akaenda kutafuta daftari.

Jioni ile nilimkuta akirudisha nguo zake kwenye kamba. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwomba msamaha, yakanipotea yote isipokuwa neno moja, nisamehe. Alinisikiliza akiendelea kutundika.

"Ulitaka kikombe," alisema mwishowe. "Ungeniambia tu, ningekupatia."

Sijawahi kupigwa fimbo iliyouma namna hiyo.

Jumatatu nilimwomba mwalimu ruhusa ya kusimama mbele ya darasa. Nilisema nilidanganya, na nikasema Muganga alivyotueleza kuhusu kifafa. Wengine walinicheka, wengine wakanitazama kama takataka, na walikuwa na haki. Wakati wa mapumziko nilikwenda dawati la mwisho, nikamwomba Kampire kopo lake. Aliniacha nisimame kidogo. Kisha akanipa, na nikanywa mpaka chini mbele ya watu wote. Isiwe mtu akadhani darasa lilibadilika siku ile. Wasichana wawili waliendelea kummiminia Kampire kutoka juu mpaka mwisho wa muhula. Lakini siku hiyo hiyo Dative alihamia dawati la mwisho kwa hiari yake, na wiki iliyofuata wakahamia wengine wawili.

Maumivu ya Bibi hayakuondoka kwa siku moja. Siku ya tatu alikunywa uji. Ya sita aliongea sentensi nzima, ya kumtuma Mama dukani. Baada ya wiki tatu, Jumapili asubuhi, aliketi tena kwenye kigoda chake mlangoni, akanawa uso mwenyewe kwa maji baridi, kushoto na kulia, huku sisi sote tukimtazama kwa hofu. Kisha akaniambia nikamwite Kampire.

Tuliporudi, Dative alikuwa ameshaleta maziwa. Bibi alikata ule uzi mweusi kwa meno yake, akanywa kidogo, akampa Kampire kikombe. Kampire akasita. Nadhani hakuwahi kuonjeshwa na mtu asiye mama yake. Bibi akasubiri tu, mkono umenyooka, mpaka alipokipokea kwa mikono miwili. Baada yake akanywa Dative.

"Umurerwa, njoo karibu," Bibi akasema. "Kidonge kile kinamtuliza Kampire kichwani, na kinanituliza mimi shavuni. Kwa kuwa mimi nakimeza, yeye kimempungukia nguvu?"

Nikasema hapana.

"Basi na kupenda kwangu ni hivyo hivyo. Nilipompa Dative hukupunjwa kitu. Wivu ulikuambia umepunjwa, ukausadiki wivu bila kuniuliza mimi mwenye kikombe. Angalia ulichofanya. Ulimvua mwenzako heshima, ukamtia Kampire uchungu juu ya uchungu wake, na mimi ukaniondolea chakula mdomoni. Siku nyingine moyo ukikuuma, njoo uniambie, mjukuu wangu. Maumivu yanayofichwa ndiyo yasiyopata dawa. Hilo nimelijifunza na mimi, uzeeni."

Dative akanipa kikombe. Nilikuwa wa mwisho, nyuma ya watu watatu, na humo mlikuwa na funda moja tu lililobaki chini, zito, lenye mabonge. Nilikaa chini kwenye kizingiti, miguuni kwa Bibi, nikalinywa lote.